Kizingiti cha Golconda

Jumamosi, 6 Julai

Nimerudishwa kwa mama. Ndiyo desturi yetu: mwezi wa Ashadam ukiandama, bibi harusi mpya anarudi kwao mpaka mwezi uishe. Mume asitie mguu nyumbani kwa wakwe zake, na mama mkwe na mkaza mwana wasivuke kizingiti kimoja. Wazee wanasema ni heshima. Mama yangu, ambaye haya zilimwisha zamani, anasema ni ili mtoto asije akazaliwa katika joto la Aprili.

Mume wangu Prabhakar alinileta kwa pikipiki mpaka kona ya mtaa, hapa Malakpet, akateremsha sanduku, akasema, "Haya, mwezi si mwaka." Akawasha, akaondoka. Wiki sita za ndoa, na wasia niliopewa ni huo.

Mama amefurahi kuniona kwa muda wa chai moja. Baada ya hapo akanipa vitunguu nimenye.

Jumapili, 7 Julai

Leo ngoma za sikukuu ya Bonalu zimeanza ngomeni Golconda. Kwao Prabhakar ni huko huko, nyumba imeegemea ukuta wa nje wa ngome, na kila mwaka mama mkwe, Anasuyamma, anapandisha chungu chake cha wali kwa mungu wetu, Mama Jagadamba, kule hekaluni juu kilimani. Mwaka huu nilitarajia kupanda naye. Nimekaa dirishani natazama mvua.

Jumatatu, 8 Julai

Kazini. Kazi yangu ni kutoa watu damu katika maabara moja jirani na stesheni. Mzee mmoja mwenye masharubu ya kutisha amezirai kabla sijafungua sindano.

Jumatano, 10 Julai

Jirani yetu Rajitha amenipaka hina, maana huu ndio mwezi wa hina. Ikikolea, wanasema mumeo anakupenda. Yangu imekolea mkono wa kulia, ila wa kushoto umetoka rangi ya chungwa tu. Mama akasema nilinawa mapema. Rajitha hakusema kitu, na Rajitha si mtu wa kutosema kitu.

Ijumaa, 12 Julai

Prabhakar amepiga simu. Nilimuuliza habari za baba mkwe, akasema bado hasimami. Yule mzee aliteleza bafuni siku chache baada ya harusi yetu, akavunjika nyonga, na tangu hapo kuna wanaonong'ona kwamba nimeingia na mguu wa mkosi. Sakafu ilikuwa na sabuni. Lakini sabuni haiolewi, basi lawama nimebebeshwa mimi.

Kisha akaniambia kwa sauti ya mtu anayeficha pipi mdomoni: "Mama anasema tusiharakishe mambo ya kurudi kwako. Baba apone kwanza."

Nikamuuliza tusiharakishe maana yake nini. Akasema maana yake tusiharakishe.

Nimeshindwa kula. Siku ya kwanza ya mwezi wa Sravanam, wakwe huja kumchukua bibi harusi, na sari mpya na bangili mkononi. Bibi harusi hajipeleki. Asipofuatwa, mtaa mzima unajua ameachwa hata kama hakuna aliyelitamka neno hilo. Kwa hiyo swali langu ni moja tu: watakuja au hawaji?

Jumapili, 14 Julai

Tumekutana ngomeni. Wazo lilikuwa langu: kwao siruhusiwi, kwetu haruhusiwi, lakini Golconda ni kwa masultani, nao walishakufa. Nilipanda basi mpaka Mehdipatnam, kisha bajaji. Nimemkuta langoni na mihindi miwili ya kuchoma, amepaka ndimu na pilipili. Moyo ulinidunda. Naliandika hilo bila aibu, maana sikujua kama nimeshafika huko.

Tulipanda polepole. Chini ya kuba la langoni watu walikuwa wanapiga makofi ili wenzao walioko juu wasikie, kama kawaida, wote kwa pamoja, hata haijulikani nani anamwita nani. Kila upenu una wapenzi wawili wamejibanza. Mimi na mume wangu wa halali tulijibanza vile vile, na mlinzi akatufukuza pamoja nao.

Nikamuuliza, "Mama yako ananichukia?"

"Hakuchukii. Anataka muda."

"Aje aniambie mwenyewe."

"Unajua ni Ashadam," akasema, akautazama muhindi wake.

Kila swali langu lilijibiwa na mama yake. Mama anaona, mama anaogopa, mama amesema. Kurudi nyumbani nikawa nimejaa hasira na yule mwanamke mpaka nikapitiliza kituo. Nilipokuwa naolewa alinishika kidevu akasema nimekonda, nikadhani ni mapenzi. Sasa naona alikuwa ananikagua kama mbuzi wa mnadani.

Jumatatu, 15 Julai

Mvua. Mama kauliza nimetoka na nani jana. Nikasema na Rajitha. Rajitha alikuwa amekaa pale pale.

Alhamisi, 18 Julai

Simu haijalia. Nimeichaji mara mbili ingawa ilikuwa imejaa.

Jumamosi, 20 Julai

Rajitha alikwenda kununua sari za bei nafuu ya Ashadam, na kwenye duka akamkuta binamu wa jirani wa wakwe zangu. Anasema kule ngomeni watu wanasema bibi harusi wa Anasuyamma harudi. Nikamwambia ni uzushi. Akasema, "Lisemwalo lipo, mwenzangu, na kama halipo laja." Mama akaacha kusuka nywele zangu katikati, akaenda kusimama jikoni. Upande mmoja nimelala nao ukiwa haujasukwa.

Ninamfikiria Anasuyamma mchana kutwa, kuliko ninavyomfikiria mume. Nagombana naye wakati nafunga mipira mikononi mwa wagonjwa. Leo nilimfunga dada mmoja kwa nguvu mpaka akaniuliza kama nina tatizo na yeye.

Jumapili, 21 Julai

Tuliahidiana Jumapili iliyopita kukutana leo saa nne, lango la ndani. Nilifika mapema. Umati wa Bonalu ulikuwa umefurika, wanawake na vyungu kichwani, wanaume waliojipaka manjano wakicheza na mijeledi, na mimi nikitafuta shati moja la buluu. Nikapanda mpaka juu, nikashuka, nikapanda tena nusu. Muongoza watalii mmoja aliniuliza kama nimepotelewa na mtoto. Nikasema ndiyo.

Hakuja. Simu yake imezimwa. Nimerudi nimeloa mpaka kwenye mifupa, na mama amenipa maji ya moto bila kuuliza, jambo lililoniumiza kuliko kama angeuliza.

Jumanne, 23 Julai

Amepiga. Anasema walimpeleka baba hospitali kwa picha ya nyonga, simu ikaisha chaji. Nikamuuliza hospitali gani. Akasema ile ya kule. Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu anaiendea kwa kuzungukazunguka.

Jumatano, 24 Julai

Nimepanga sanduku.

Alhamisi, 25 Julai

Nimepangua sanduku. Nimekosa blauzi ya kuvaa kazini.

Jumapili, 28 Julai

Niandike yote, maana kichwa hakitatulia mpaka yatoke.

Nilikwenda ngomeni bila kumwambia mtu. Nilijua ni Jumapili ambayo Anasuyamma anapandisha chungu chake, na Prabhakar lazima amsindikize. Nilikusudia kumnasa mume wangu mahali ambapo hawezi kuzima simu. Nikaingia mapema, nikasubiri juu karibu na hekalu, sikumwona mtu. Mvua ilipozidi nikashuka nitoke. Basi nikawa ndani ya lango la ndani, bado hatua moja kutoka, nikainua uso, na mbele yangu, nje ya lango, hatua moja kuingia, amesimama mama mkwe.

Miguu mitupu, sari ya manjano imemganda mwilini, chungu kichwani chenye majani ya mwarobaini kuzunguka na taa juu yake bado inawaka. Akaniona. Tukagandishwa sote wawili.

Asiyejua atasema, pita tu. Lakini ni Ashadam, na kile ni kizingiti, na sisi ni mama mkwe na mkaza mwana. Mimi nikitoka, yeye hawezi kuingia. Yeye akiingia, mimi sina pa kutokea, maana lango jingine halifunguliwi. Na chungu cha bonam, yaani sadaka hiyo, hakitui chini mpaka kifike kwa mwenyewe. Nyuma yake wanawake wakaanza kusukumana na kuuliza kuna nini, na nyuma yangu vile vile. Muuza maua aliyekuwa amejibanza ukutani alielewa kabla ya wote. Akatangaza kwamba hicho si kizingiti, ni lango la mfalme. Mwanamke mwenye kapu akamjibu kwamba penye mlango pana kizingiti, na mlango ule umepigiliwa misumari ya chuma kuzuia tembo, sasa yeye anataka mlango wa namna gani. Wengine wakaingilia. Wakabishana mvuani, tena kwa moyo wote, juu ya ndoa yangu.

Mimi nilimwona anatetemeka. Ni mtu mzima, na maji yalikuwa yanamtiririka shingoni. Nikanyoosha mkono wenye mwavuli juu ya kizingiti, miguu yangu ikabaki ndani. Akautazama mwavuli, kisha akasogea chini yake, miguu yake ikabaki nje. Hapo ndipo aliposema:

"Nyumba umeshapata?"

"Nyumba gani, mama?"

"Ya kupanga. Si umemwambia mwanangu hurudi kuishi na mgonjwa? Unataka chumba chenu huko Kukatpally, mbali na harufu ya dawa."

Nilidhani sikusikia vizuri kwa ngoma. Nikamwambia, "Mama, mimi Kukatpally sijawahi hata kushuka. Yeye ameniambia wewe hutaki nirudi. Kila siku ananiambia, mama anasema tusiharakishe."

"Mimi?" akasema. "Sari yako nilinunua wiki ya kwanza. Imekaa kabatini, naifungua naitazama, nasema itamfaa nani sasa."

Hata muuza maua alinyamaza, nadhani ni mara yake ya kwanza. Nilikuwa nimemchukia mwanamke huyu mwezi mzima, nimemchukia kwa bidii, kama kazi ya pili isiyo na mshahara, na yeye alikuwa ananichukia mimi kule kwake kwa bidii hiyo hiyo. Wahenga walisema mafahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hapa nyasi ndizo zilizowagombanisha mafahali. Nilitaka kucheka na kulia, nikajikuta namsogezea mwavuli zaidi.

"Yuko wapi?" nikamuuliza.

Hakuweza kugeuza shingo kwa sababu ya chungu. Akaelekeza kwa macho. Nikatazama nyuma ya umati, na kweli nikamwona. Shati la buluu. Alituona tumesimama pamoja chini ya mwavuli mmoja, akasimama kidogo, kisha akajificha nyuma ya mkokoteni wa juisi ya miwa, na kandambili za mama yake mkononi.

"Amejificha," nikasema.

"Hata alipokuwa mdogo," akasema Anasuyamma, "akivunja kitu alikuwa anakwenda kulala."

Wanawake wa nyuma wakaanza kupiga kelele kwamba taa zao zitazimika. Anasuyamma akavuta pumzi. "Nimebeba wali wa Mama Jagadamba," akasema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Leo anayevuka hapa ni yeye, si mimi. Mimi ni miguu tu." Kisha akaniambia kwa chini, "Na wewe nikishapita, toka. Ashadam ikiuliza, iambie ije kwangu."

Akavuka. Bega lake liligusa langu. Nikatoka, mwavuli nikamwachia mwenye kapu amfunike nao njiani. Nilipofika kwenye mkokoteni wa miwa, hapakuwa na mtu.

Jumatatu, 29 Julai

Amepiga mara nyingi. Sijapokea. Sitaki sauti yake, nataka uso.

Jumanne, 30 Julai

Nimemweleza mama. Akasema hao watu basi watakuja, alhamdulillahi kama wasemavyo majirani zetu, akaanza kuosha vikombe vya wageni. Hilo tu ndilo alilolisikia katika habari yote. Simlaumu. Mimi mwenyewe siku chache zilizopita ningesikia hilo tu.

Lakini sasa silali. Mwezi mzima nimeuliza, watakuja au hawaji. Sasa najua mama yake atakuja. Na yeye je, ananitaka? Mtu anayekutaka hajengi ukuta wa uongo huku na huku akakaa katikati yake.

Alhamisi, 1 Agosti

Nimemtoa damu bibi harusi mwingine leo, hina bado mbichi mkononi. Akaniuliza, yako imekolea? Nikamwambia atazame pembeni, sindano inaingia.

Jumapili, 4 Agosti

Siku ya mwisho ya Ashadam. Mama amefagia nyumba mara tatu. Nimemwambia atatoboa sakafu. Amenijibu kwamba akitoboa, atafagia shimo.

Jumatatu, 5 Agosti

Wamekuja. Anasuyamma mbele, amebeba sinia lenye sari ya kijani, bangili, manjano na unga mwekundu wa kipaji. Prabhakar nyuma, nywele zimechanwa kwa mafuta, macho chini. Rajitha alikuwa kibarazani kwake akianika nguo ambazo zilikuwa zimekauka tangu asubuhi.

Mama alilia kwa furaha, akamimina chai. Anasuyamma akaweka sinia mbele yangu. Mikono yangu ilitaka kulipokea. Nikaikalia. Nikamwambia Prabhakar, "Kabla sijashika kitu hapa, kwa nini ulituambia vile, mimi na mama yako?"

Mama yangu akaniita jina langu kwa onyo, "Swaroopa." Nikaendelea kumtazama Prabhakar.

"Nilitaka muda," akasema.

"Muda wa nini?"

Akamtazama mama yake.

"Usinitazame mimi," Anasuyamma akasema. "Aliyekuuliza yuko huku."

Nikaona nimuulize lenyewe, lisilo na kona. "Unataka nirudi?"

Chai yake ilitanda utando juu. Kisha akasema, "Sijui." Akasema tena, kama mtu aliyeshangaa kujisikia: "Sijui. Niliambiwa nioe, nikaoa. Niliambiwa nikuchague wewe, nikasema sawa. Baba akaanguka, kila mtu ananiambia la kufanya. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Ulipoondoka nyumba ikawa kimya, nikaogopa kwamba ukirudi nitatakiwa niwe mtu fulani."

Anasuyamma alitaka kumkaripia. Nikamwambia, "Mwache, mama. Hili ndilo neno la kwanza amenipa lisilotoka kwako." Niliumia, tena sana. Lakini ndani ya yale maumivu nilimwona mtu, na tangu harusi nilikuwa sijamwona.

Nikamwambia: "Mimi sirudi kwa mtu asiyejua. Jumapili asubuhi nitakuwa ngomeni, kule juu karibu na hekalu. Ukijua, njoo. Usipojua, usije, na usimtume mtu."

Mama yangu akasema nimeingiwa na wazimu, bibi harusi anafuatwa mara moja, ni nani anafuatwa mara mbili. Prabhakar akanyanyuka, akatoka na kusimama kwenye pikipiki. Anasuyamma alibaki. Akamaliza chai yake yote, akalisukuma sinia mpaka kwenye magoti yangu.

"Hii sari sikukununulia kwa niaba yake," akasema. "Ni mimi nimekupa. Vaa utakapotaka, hata kama si kwetu."

Jumatano, 7 Agosti

Mama hasemi nami. Mboga zina chumvi ya kutosha mtaa mzima.

Ijumaa, 9 Agosti

Simu haijalia, na mara hii sikuichaji. Rajitha kauliza kama ni kweli nimemfukuza mume. Nikasema nimemuuliza swali tu. Akafikiri, akasema yeye miaka kumi na minne hajawahi kumuuliza wake, anaogopa jibu.

Jumamosi, 10 Agosti

Kama haji, nitarudi kazini Jumatatu, nitafunga mipira mikononi mwa watu na kutafuta mishipa. Nimeliandika hili ili nilisome kesho jioni.

Jumapili, 11 Agosti

Sikuvaa sari ya kijani. Sikutaka ianze kazi yake kwa aibu. Mama alinitazama navaa viatu, mwishowe akasema kutanyesha, akanipa mwavuli wake.

Bonalu imekwisha, ngome ilikuwa tulivu, watoto wa shule na watalii wachache. Nilipanda bila kupumzika, nikiogopa kwamba nikisimama nitashuka. Mvua ilianza nusu ya njia.

Alikuwa amefika kabla yangu. Amekaa kwenye jiwe nje ya hekalu, ameloa chapachapa, hana mwavuli, kama mtu aliyetoka nyumbani bila kukumbushwa kitu. Aliponiona alisimama, kisha akakaa, kisha akasimama tena.

Nikamuuliza kama mama yake anajua yuko hapa. Akasema hapana, alitoka wakati mama amelala.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna." Akafuta mvua usoni. "Nataka urudi. Naogopa bado, lakini nataka. Nimesema mwenyewe."

Nilimwambia akae, asogee kidogo, nikakaa kando yake, mwavuli juu yetu sote wawili.